Mke Wangu Alikuwa Refa

Siku ya misa ya kumuaga Haika, katibu wa jumuiya alisoma wasifu. Alisoma vizuri. Alisema marehemu alizaliwa Kibosho, alitunza wazee Woolwich miaka ishirini na sita, aliacha mume na binti mmoja, na enzi za uhai wake "alikuwa mpenda michezo."

Mpenda michezo. Ni kama kusema padre ni mpenda divai.

Haika hakupenda michezo. Sikuwahi kumwona akishangilia goli. Alikuwa refa. Refa wa mpira wa pete, daraja la A, aliyeamua mechi za ligi inayoonyeshwa kwenye televisheni hapa Uingereza. Wasifu ukishasomwa kanisani hausomwi tena, kwa hiyo nauandika huu. Niliishia darasa la nne. Hautakuwa mrefu.

Kwao walikuwa marefa kama wengine wanavyokuwa wahunzi. Bibi yake alianza kwa filimbi ya masista, pale misheni, wasichana walipocheza baada ya vipindi. Mama yake, Placida, aliamua mashindano ya wafanyakazi wa viwanda Moshi mjini miaka kumi na tisa, tena kwa viatu vya kisigino. Hakukimbia. Alisema refa anayekimbia ana wasiwasi. Wajomba wawili walikuwa marefa wa mpira wa miguu. Mmoja alipigwa mawe mara mbili, na nyumbani hilo lilihesabiwa kama shahada.

Nyumba ya marefa haina mabishano. Mtu anasema neno, mwingine anatoa uamuzi, ukishatoka umetoka. Placida hakueleza sababu hata siku moja. "Ukieleza," alisema, "umeanza kuomba."

Mimi ni Mpare wa Gonja. Anayetujua ameshaona shida iko wapi. Wapare na Wachaga ni watani, na utani wao mkubwa juu yetu ni kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Sisi tunawaambia wao wanapenda hela. Nilipokwenda kuposa, mshenga wangu alitaka tuzungumze kidogo juu ya tarehe. Placida akanyoosha mkono upande mmoja, kama anavyoonyesha mpira ni wa timu gani.

"Desemba," akasema.

"Mama, sisi tulifikiria Agosti, kwa sababu ya..."

"Desemba."

Mjomba aliyepigwa mawe akaangua kicheko. "Mwoneni Mpare! Hata mke hajapewa, ameshakata rufaa!"

Tulioana Desemba. Mvua ilinyesha siku nzima. Hakuna aliyetaja Agosti.

Tulifika London mwaka 1993, tukapata nyumba ya ghorofa ya tatu Plumstead. Mimi niliosha mabasi gereji. Haika alitunza wazee. Miaka minne hakushika filimbi, na mimi nilidhani jambo limekwisha. Jumamosi moja tulikuwa tunatoka sokoni Woolwich na mifuko yetu, tukapita nje ya ukumbi wa shule. Ndani wanawake walikuwa wanacheza. Haika akasimama dirishani. Nikafikiri amekumbuka nyumbani, nikamwacha. Mara akaanza kugonga kioo kwa ufunguo.

"Hatua! Amepiga hatua na mpira mkononi! Huyo refa haoni?"

Wakatoka watatu. Mimi nilishaanza kutafuta vitambulisho mfukoni. Wakamuuliza, kwa Kiingereza, kama anataka kucheza. Akasema hachezi. Wakauliza, sasa anataka nini. Akasema anataka filimbi.

Wakampa. Nadhani walitaka tu aache kugonga kioo.

Huku marefa wa mpira wa pete wana madaraja. Unaanza C, unakwenda B, kisha A. Ukiwa na A unaweza kuitwa kwenye ligi kubwa, na hata kulipwa. Daraja C alilipata kwa mwaka mmoja. B ilichukua sita, kwa sababu ya zamu za kazi na mtoto. A ndiyo aliyoitaka. Mama yake alikuwa na daraja la taifa. Kila Jumapili kwenye simu, baada ya salamu, Placida aliuliza jambo moja.

"Umefika wapi?"

"B, mama."

Kisha wanazungumza habari za ndizi.

Miaka ilipita hivyo, B na ndizi. Mwaka 2010 akaomba kukaguliwa. Kwa daraja la A mkaguzi anakuja, anakaa mechi nzima, anaandika. Unajaribu mara tatu. Ukikosa zote unarudi nyuma kuanza upya, na Haika alikuwa na miaka arobaini na nne na goti lililoanza kulalamika kwenye ngazi zetu.

Mara ya kwanza alikosa kwa sababu hakukimbia. Mkaguzi aliandika kwamba refa alitembea kando ya uwanja kama mgeni rasmi. Basi akaanza kukimbia kila asubuhi kando ya mto Thames kabla ya zamu, na sare ya kazini ndani ya koti. Mama yake alipoambiwa hakufurahi.

"Unakimbia? Nani anakufukuza?"

Mara ya pili ilikuwa 2012. Timu ya Woolwich ilicheza na wasichana wa Surrey. Mlinzi wa goli wa Woolwich alikuwa Nakijwa, nesi, mrefu kama mlango, Mpare mwenzangu wa kule Mamba. Mkaguzi alitoka Harrow. Mama mmoja wa Kihindi, nywele nyeupe, daftari mapajani, jina lake Poonam. Tulimsalimia kwa Kiingereza, akajibu kwa Kiingereza.

Robo ya pili Haika alimpigia Nakijwa filimbi kwa kumgusa mfungaji. Nakijwa akaweka mikono kiunoni.

"Mchaga amelala huyu! Tikiseni sarafu aamke!"

Tulioelewa tukacheka. Haika hakugeuka. "Cheza, Mpare. Au mpira nao utaupeleka mahakamani?"

"Nitaupeleka! Na wewe utakuwa shahidi wa kununuliwa!"

Haika akacheka. Angefanyaje? Mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani wake anaonekana hakulelewa. Nakijwa alirudia mara tatu, kila mara kwa maneno mapya, na mara tatu Haika akacheka, akapuliza, mchezo ukaendelea. Niliona mkaguzi anaandika sana. Nikajua ni sifa.

Mechi ilipoisha yule mama akaja, akampa Haika mkono.

"Habari za Moshi?" akasema, kwa Kiswahili safi.

Alizaliwa Moshi. Baba yake aliuza vipuri vya baiskeli karibu na soko, wakaondoka yeye akiwa na miaka kumi na minne. Mkaguzi Mwingereza angesikia kelele tu. Huyu alikuwa amesikia kila neno, mpaka sarafu.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Binti yetu, Ndeshi, aliisoma. Ilisema hakupita: refa aliambiwa mara tatu mbele ya watu kwamba amenunuliwa, na mara tatu akacheka na aliyemwambia.

Maisha yangu yote nimeitwa mpenda kesi na sikuwahi kuwa na kesi. Sasa nilikuwa nayo. Nzuri, na mashahidi kumi na wanne.

"Tuandike rufaa," nikasema.

"Ameamua," akasema Haika.

"Hajui maana ya utani."

"Baba Ndeshi. Ameamua."

Akaenda jikoni. Nilimsikia anaosha sufuria iliyokuwa safi.

Wiki iliyofuata nikamwambia nakwenda kupimwa macho. Nikapanda treni, nikabadilisha, nikapanda ile ya Metropolitan mpaka Harrow. Anwani ilikuwa kwenye barua. Mama Poonam alifungua mlango, akanitazama, hakuuliza ninataka nini. Aliweka chai ya maziwa na chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa dengu na karanga za kukaanga. Nikaeleza kesi yangu yote. Nilianzia enzi za machifu.

"Mzee," akasema nilipomaliza, "utani naujua. Fundi wa baba yangu alikuwa Mpare. Walitaniana miaka kumi, siku aliyokufa baba alilia kuliko sisi."

"Sasa si umeona!"

"Nimeona nini? Wale wasichana wa Surrey wanaujua utani? Wako nyuma kwa magoli mawili. Wanamwona refa anacheka na mlinzi wa upande mmoja, kwa lugha wasiyoijua. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilifikiri kwa haki.

"Ningefungua kesi," nikasema.

"Kula chevda, mzee."

Nilikula. Kesi yangu ya kwanza, na nimeshindwa kwa ushahidi wangu mwenyewe. Nilipoaga nilimwomba asimwambie mke wangu nilifika, maana yeye anajua niko kwa daktari wa macho. Akasema yeye si mtu wa kupeleka maneno.

Mara ya tatu ilipangwa Novemba 2014. Ilikuwa ya mwisho. Goti lilikuwa linafungwa bandeji kila asubuhi. Placida alikuwa amelazwa mara mbili mwaka ule, na bado kila Jumapili aliuliza umefika wapi. Ratiba ilipotoka, timu ilikuwa Woolwich tena. Mkaguzi, Poonam tena.

Nilimwona Haika anajitazama kwenye kioo cha bafuni, uso umekazwa, anamwonya mtu ambaye hayupo. Alikuwa anajifunza kumkasirikia mtani. Hasira haikumkaa. Kila akifika kwenye neno "Nakijwa" mdomo unacheza.

Ndipo nikaenda hospitalini anakofanya kazi Nakijwa, nikamngoja wakati wa chakula.

"Mwanangu, Jumamosi usimtanie."

"Nani, Mchaga? Nisimtanie dakika sitini nzima?" Akaweka kijiko chini. "Mzee, kwetu watasemaje?"

"Kwenu hawatakuwepo. Ni kwa ajili ya daraja lake."

"Yeye anajua?"

"Hajui. Na asijue."

"Aisee. Wapare tumefika pabaya." Lakini akakubali.

Ndeshi nilimwambia mimi mwenyewe jioni ile, kwa sababu nilitaka mtu wa kunisifu. Binti yetu anasikia Kiswahili chote, ila anajibu Kiingereza.

"Dad, that's cheating."

Neno hilo la kudanganya mchezoni nilikuwa nalijua. Nimekaa pembeni ya viwanja miaka mingi.

Jumamosi ikafika. Haika alikimbia. Alikimbia vizuri, bandeji na yote. Robo ya kwanza alimpigia Nakijwa filimbi mara mbili. Nakijwa akarudisha mpira, akainamisha kichwa. Haika akamtupia jicho. Robo ya pili akampigia tena, kwa kosa dogo. Nakijwa akasema "Yes, umpire," kama mtoto wa kipaimara. Niliona mgongo wa Haika unakakamaa. Wakati wa mapumziko alikunywa maji akiwa amemgeukia Nakijwa, hakumgeukia mtu mwingine.

Robo ya tatu, mpira uko katikati, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyeomba kitu, Haika akapuliza filimbi. Saa ikasimama. Ukumbi mzima ukasimama. Akaingia uwanjani, hakukimbia, akatembea kama mama yake, mpaka golini.

"Nakijwa. Kwenu kuna msiba?"

"Hapana, dada."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona hunitukani?"

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Najua Nakijwa alinitazama, kwa sababu watu wote wa benchi yetu waligeuka kunitazama na wao. Kisha yule msichana, Mungu ambariki, akashika tumbo.

"Tumbo," akasema.

Haika akamshika mkono, akamtoa mpaka nje, akaagiza maji. Akaingia mwingine mahali pake, mfupi. Woolwich ilikuwa inaongoza. Ilifungwa kwa magoli manne.

Mama Poonam alikuwa anaandika. Aligeuza ukurasa, akaandika. Nilipotoka pale sikuwa na shaka. Nilikuwa nimemkosesha mke wangu daraja, na timu nimeiua.

Barua ilikuja Jumatano. Ndeshi aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, na mara hii alitafsiri bila kuombwa. Ilisema refa alitambua mchezaji hayuko sawa kabla hata kocha wake hajatambua. Ilisema macho ya namna hiyo hayafundishwi. Ndani ya bahasha kulikuwa na beji.

Haika hakungoja Jumapili. Alipiga simu Kibosho palepale, amesimama.

"A, mama."

Tulisikia kuku kwa nyuma.

"Umechelewa," akasema Placida. Kisha wakazungumza habari za ndizi, lakini siku hiyo walizungumza saa nzima, na Haika alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga.

Ingeishia hapo. Lakini Jumamosi Nakijwa akaja na sufuria ya pilau kutoa pongezi, na mtani akishajifunga mdomo mara moja hawezi mara ya pili.

"Karibuni mle!" akasema. "Mchaga amepata daraja kwa tumbo la Mpare!"

Haika akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Tumbo gani?"

Nakijwa akanitazama. Ndeshi akanitazama. Binti yangu mwenyewe akatoa ushahidi bila kuulizwa, na kwa mara ya kwanza miaka mingi aliutoa kwa Kiswahili, ili pasiwe na neno la kupotea.

Haika alisikiliza yote. Akachukua beji mezani, akavaa koti, akatoka. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Harrow," akasema.

Sisi tulikaa na pilau. Hakuna aliyepakua. Ni safari ya saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na mimi dakika zote zile nilikuwa naiona ile beji inarudishwa, na Jumapili, na simu, na yule bibi kule Kibosho anaambiwa ni B.

Alirudi saa kumi. Akaweka beji mezani, mahali palepale.

"Nimemweleza kila kitu," akasema. "Amesema ameandika alichokiona. Aliona mtu hayuko kama kawaida yake, na refa akasimamisha mchezo. Na kweli Nakijwa hakuwa kama kawaida yake. Amesema hafuti."

"Ameamua!" nikasema. Nilikuwa nimefurahi mno.

"Ameamua." Alikuwa bado hajavua koti. "Kisha akaniuliza, mzee wako macho yanaendeleaje?"

Nakijwa akakohoa.

"Kuzungumza na mchezaji kabla ya mechi," akasema Haika. "Kumficha refa. Kwenda kwa mkaguzi kwa siri. Adhabu yake unaijua?"

"Kwanza nieleze..."

"Nje. Dakika mbili."

Ndiyo adhabu ya mpira wa pete, dakika mbili nje ya uwanja. Nilitoka kibarazani, ghorofa ya tatu, Novemba, na soksi tu. Akafunga mlango wa kioo, akasimama ndani na saa yake ya kazi mkononi. Nyuma yake Nakijwa alikuwa amejikunja kwa kicheko. "Mpare amefungwa! Jamani, Mpare amefungwa bila kesi!" Nilihesabu kichwani. Hazijafika dakika mbili Haika akafungua mlango.

"Zimeisha," akasema.

Hazikuwa zimeisha. Nikaingia, akanipakulia pilau.

Msimu uliofuata aliitwa ligi kubwa. Aliamua misimu minne, mpaka goti likakataa kabisa. Kulipwa kwenyewe kulikuwa nauli na kidogo cha juu, na Jumatatu asubuhi alirudi kuwaogesha wazee wake kama kawaida, isipokuwa wengine walikuwa wamemwona kwenye televisheni na walikataa kuogeshwa na mtu mwingine.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa mji wa mbali, treni saa mbili na zaidi. Tulikwenda mimi na Ndeshi. Ndeshi aliinua simu mechi nzima ili bibi yake aone kule Kibosho, na jirani mmoja wa kule akashika simu upande wa pili. Haika alikuwa amevaa nguo nyeupe, beji kifuani. Alikimbia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyemtania. Ukumbi ulikuwa na watu maelfu na hakuna hata mmoja aliyemjua.

Ilipoisha nikaweka simu sikioni. "Mama, umemwona?"

"Nimemwona," akasema Placida. "Anakimbia mno."

Akakata.

Haika alitoka chumba cha marefa ameshika viatu mkononi, uso bado una jasho. Hakuuliza habari ya mechi.

"Mama amesemaje?"

"Amesema umefanya vizuri."

Alinitazama. Alikuwa amemjua mama yake miaka arobaini na tisa na anajua neno hilo halimo kinywani mwake. Ndeshi alifungua mdomo, nikamkanyaga. Haika aliona mguu unavyokwenda, aliona kila kitu, ndiyo ilikuwa kazi yake. Akanipa begi, akasema twendeni, treni inaondoka.